SEHEMU YA 4: Mvua ikiwakuta kambini, msione aibu kutoka kwenye hema

Wamama wenzangu, na akina baba mnaosoma kimyakimya, nesi wenu nimerudi.

Wengi mmeniuliza swali moja: shule zimefungwa, watoto wanalilia Orlando, bei za hoteli hazishikiki, mmeamua kulala kwenye hema. Je, ni sawa na watoto wadogo msimu huu wa mvua?

Jibu langu ni ndiyo, nendeni. Kambi za aina hii si pori la kutisha. Ile ya Fort Wilderness, ndani ya Walt Disney World, ilifunguliwa Novemba 1971, wiki chache tu baada ya Disney yenyewe kufungua milango, na hadi leo familia zinalala pale. Kuna mabafu, vyoo na mashine za kufulia. Mtoto akilowa, anaogeshwa na nguo zinakaushwa. Kwa hiyo wale mnaowaambia wenzenu "unamtesa mtoto", hapo mimi nawapinga.

Ila nina hoja nyingine, na najua baadhi yenu mtanuna. Kinachohatarisha watoto kambini mara nyingi ni sisi wazazi kung'ang'ania kwa sababu hela imeshalipwa. Mvua yenyewe wala haina kesi kubwa.

Nawaambia yaliyonikuta mimi mwenyewe. Mwaka fulani mwezi wa saba tulikuwa kambini huko Florida, mkubwa ana miaka mitano, mdogo miezi minane. Saa tisa mchana mawingu yakajikusanya. Waliokaa Florida mnajua: kuanzia mwishoni mwa Mei mpaka Oktoba, asubuhi jua kali, mchana radi. Baba watoto alikuwa ameshawasha jiko la mkaa nje, uji wa mtoto uko juu. Mvua ikashuka kwa kishindo. Akalibeba jiko, akaliweka ndani ya hema karibu na mlango. Akasema, "Dakika tano tu, uji uive."

Na mimi, nesi, nikasema sawa. Tena nikafunga zipu, maji yasiingie.

Haikupita muda mrefu, yule mkubwa akasema, "Mama, kichwa kinaniuma." Mdogo alikuwa amelegea begani kwangu. Ndipo akili ikanirudia. Tulitoka wote kwenye mvua, tukaacha uji, tukaacha kila kitu, tukaingia kwenye gari na kupiga 911. Walikuja wakawapima watoto, wakawakuta salama. Mimi nililia usiku kucha.

Jamani, mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inaitwa kaboni monoksaidi. Hata jiko lisilotoa moshi, hata makaa yanayokaribia kuzima, bado yanaitoa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Sasa niambieni, mtoto aliyeshinda akikimbia juani, akisinzia jioni, nani atashtuka? Utasema amechoka. Ndugu zangu wa Njombe na Makete, mnaoingiza jiko chumbani wakati wa baridi, haya yanawahusu na nyinyi. Hema lililofungwa zipu ni chumba kidogo kuliko hicho.

Na radi je? Hema halikukingi na radi hata kidogo. Mti mrefu ndiyo usiusogelee kabisa. Banda la wazi lisilo na kuta nalo halifai. Pa kukimbilia ni jengo lenye kuta, kama lile la mabafu, ila msioge wala kuosha vyombo mpaka radi ipite. Au gari lenye paa la chuma, vioo vimefungwa. Ukisikia ngurumo ya mwisho, hesabu dakika 30 ndipo mtoke. Watoto watalalamika. Waache walalamike, wapigie hadithi humohumo garini.

Mambo mengine madogo ya kushika: nguo kavu za usiku ziwe kwenye mfuko wa plastiki, zisiguswe mchana. Mtoto aliyelowa mvulie kwanza, mkaushe, ndipo umfunike. Blanketi juu ya nguo mbichi halisaidii kitu. Nepi ikilowa mvua, badilisha hata kama hajakojoa. Dawa ya mbu ya kupaka yenye DEET usimpake mtoto wa chini ya miezi miwili, yeye mwekee neti. Maziwa na mitaro ya Florida ina mamba, kwa hiyo kucheza kwenye maji ni kwenye bwawa la kuogelea tu. Na kichanga cha chini ya miezi mitatu akifika nyuzi 38, msisubiri asubuhi, mpelekeni hospitali.

Sasa narudi kwenye hoja yangu. Kwa nini siku ile hatukuhamia kwenye gari mapema, wakati mawingu tuliyaona? Kwa sababu tulikuwa tumelipia siku nne. Na kwa sababu shangazi yangu alinicheka kabla hatujaondoka, "Umevuka bahari kwenda kulala kwenye turubai?" Sikutaka aonekane alisema kweli. Yaani niliwaweka wanangu kwenye sumu ili nisichekwe kwenye simu. Huo ndiyo ukweli, na naamini siko peke yangu.

Kwa hiyo kabla hamjasafiri, wewe na mwenzako kaeni chini mkubaliane: ngurumo ya kwanza, wote tunatoka, hakuna mjadala, hakuna kuulizana uji umeiva au haujaiva. Hela iliyolipwa imeshaenda, hairudi kwa kukaa ndani ya hema.

Sisi tulikaa siku mbili zilizobaki. Wanangu hawakumbuki hata mchezo mmoja wa bembea. Wanakumbuka kurukaruka kwenye madimbwi mvua ilipokatika, na mkate wa siagi tuliokula garini.

Wewe je, umewahi kung'ang'ania mahali kwa sababu umeshalipa? Niandikie hapo chini, hakuna atakayekucheka. Sehemu ya 5 tutaongelea upele wa joto.