Mama wa Manzese Hahitaji Somo la Mchicha

Ikitajwa lishe ya watu wa uswahilini, wengi wetu hapa chuoni tuna jibu moja: watu hawana elimu. Wapewe semina, yabandikwe mabango zahanati, wafundishwe makundi ya chakula, mambo yatanyooka. Mimi nasomea ualimu, na kama kuna mtu wa kufurahia kusikia kwamba dawa ni elimu, ni mimi. Lakini kwa hili nakataa. Mama wa Manzese anaujua mchicha kuliko mtoa semina. Anajua upi una mchanga, upi utanyauka kabla ya jioni, na namna ya kuunga matembele kwa karanga mpaka mtoto msumbufu aombe kuongezwa. Maarifa anayo. Vinavyomkwamisha ni vingine.

Cha kwanza ni mfuko. Watu wengi wa Manzese, Tandale na Mabibo wanapata pesa kwa siku na kuimaliza siku hiyohiyo. Friji hakuna. Kwa hiyo wananunua kidogo kidogo: fungu moja la nyanya, mafuta ya kupima, mkaa wa kopo. Sasa kila mtu anajua kwamba cha kupima kina bei kuliko cha gunia au cha dumu. Yaani mwenye kidogo ndiye anayelipa zaidi kwa kitu kilekile.

Cha pili ni moto. Maharage ni chakula kizuri na bei yake si mbaya, ila yanakula mkaa. Ukijumlisha mkaa wa saa mbili jikoni, chipsi za buku mbili ambazo zimeshaiva zinaanza kuonekana nafuu. Mtu anayechagua chipsi hapo amepiga hesabu tu, na sisi wa mageto tunaipiga hesabu hiyohiyo kila bumu likikata. Tuseme ukweli: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Ni wangapi kati yetu wanafikisha hata nusu? Na sisi ndio tuliosoma mpaka chuo kikuu. Kama elimu peke yake ingetosha, kila geto lingekuwa na tikitimaji.

Dar es Salaam haijakosa mboga wala matunda. Kabichi na karoti za Lushoto, nyanya za Ilula, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, vyote vinaingia mjini kwa malori, na ndizi zinashushwa Mahakama ya Ndizi, pale Mabibo. Mzigo mji unao. Kinachoutoa sokoni na kuufikisha kwenye sufuria ya Tandale ni genge. Genge liko hatua chache kutoka mlangoni, linauza nyanya za jero, na likikufahamu linakukopesha mpaka mwisho wa wiki. Supamaketi gani itakukopesha kitunguu?

Ndiyo maana nasema mpango wowote wa kuwafikishia watu chakula kibichi uanzie kwenye genge. Mbona basi tunaliona kama uchafu wa kuondolewa? Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kando ya barabara jijini, na wengi wetu tulishangilia njia kuwa nyeupe. Sikatai, hoja ya usafi ina uzito. Mboga zilizopangwa juu ya mtaro ni hatari, na jiji hili linakijua kipindupindu. Lakini dawa ya mtaro mchafu ni kuweka paa, bomba la maji na sehemu ya kutupa taka. Ukimfukuza muuzaji, mteja wake ndiye anayeongezewa nauli ya kuifuata nyanya.

Tuangalie na bei inavyopanda. Mwenye genge anaamka saa kumi usiku, anawahi sokoni, ananunua tenga moja, analilipia bodaboda. Jua la mchana likishaupiga mchicha, usiouzwa unatupwa, na hasara hiyo inaingia kwenye bei ya kesho. Hapa msaada hauhitaji miujiza. Wauzaji watano wa mtaa mmoja wakinunua pamoja, wanakodi kirikuu kimoja badala ya kulipa bodaboda tano. Na pesa ya kuanzia ipo kisheria: kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa 2024. Vikundi vya magenge viwekwe mbele kwenye foleni.

Wapo pia wakulima wa mabondeni, kama wale wa Msimbazi, ambao mboga zao hazisafiri mbali hata kidogo. Tafiti zimekuta madini mazito, risasi ikiwemo, kwenye mboga zinazomwagiliwa maji ya mto huo. Kuwafukuza ni rahisi. Kuwapa maeneo yenye maji salama na kubana wanaotiririsha uchafu mtoni ni kazi, na ndiyo inayotakiwa.

Linalonigusa zaidi kama mwalimu mtarajiwa ni shule. Tangu 2016 tuna elimu bila malipo, lakini chakula cha shule za kutwa kimebaki kutegemea michango ya wazazi. Mzazi anayeishi kwa pesa ya siku akishindwa, mtoto wake anawatazama wenzake wakila. Kesho nitasimama mbele ya mtoto huyo nimfundishe jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, na yeye tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Halmashauri ichangie sahani ya mtoto huyo, na shule inunue mboga kwa magenge ya mtaa wake. Mtoto atakula, na muuzaji atakuwa na mteja wa uhakika kila siku.

Wenzangu, tusisubiri tuajiriwe. Wengi wetu tumepanga mitaa hiihii na tumeshatimiza miaka 18, lakini mkutano wa mtaa ukiitishwa tunaona ni wa wazee. Twende. Tuulize ni eneo gani limetengwa kwa ajili ya magenge, ni kikundi gani cha wauza mboga kimepata mkopo, na ni watoto wangapi hawali shuleni. Serikali yetu ya wanafunzi nayo iwabane wenye kafeteria: tunda liwe kwenye sahani kwa bei ya kawaida, lisiwe anasa ya wiki ya bumu.

Somo la mchicha tutalitoa siku ambayo mchicha wenyewe utakuwa unanunulika.