Tupeni Namba ya OB

Bado umelala, ndugu yangu wa Kutulo? Gari linakuja usiku, linaondoka na kijana wa jirani, nawe asubuhi unanong'ona dukani: "Huenda alifanya kitu."

Alifanya nini? Kashtakiwa wapi? Hakimu gani kamwona?

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Sheria ya kuzuia ugaidi ya 2012 inaruhusu muda zaidi, lakini muda huo huombwa mbele ya hakimu. Hakuna sheria inayoruhusu mtu kumezwa. Hata hivyo, mwaka 2015 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitaja visa 81 vya watu waliotoweshwa katika vita dhidi ya ugaidi.

Waliotoweshwa! Na sisi tunakunywa chai.

Mohammed Abdulmalik alikamatwa Mombasa mwaka 2007, akaishia gereza la Marekani la Guantánamo, akarudishwa Kenya Desemba 2024. Karibu miaka 18, bila shtaka hata moja. Huyo angalau tulijua aliko.

Wa kwetu je? Mkewe si mke, si mjane. Atakaa eda ya nani? Mirathi haigawiki, ngamia hawauziki, ndoa ya binti inakwama kwa sababu walii wake hajulikani yu hai au kafa. Mama mtu akisikia gari, anatoka mlangoni. Kila gari.

Wakubwa wa usalama watasema dawa ya moto ni moto. Wanatuambia sisi? Desemba 2019 basi lilisimamishwa karibu na Kutulo hapa hapa, abiria wakatengwa, wakauawa. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, roho 148. Al-Shabaab tunawajua kwa makaburi. Ndiyo maana nataka muuaji ashtakiwe, ushahidi usomwe hadharani, afungwe.

Ukimficha mtu, unamziba mdomo yule aliyekuwa tayari kusema. Nani atapeleka habari kituoni, akijua jina likikosewa atatoweka mtoto wa shangazi yake?

Na usiseme hayakuhusu. Mwaka 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walirundikwa na askari uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, bila shtaka, bila maji. Serikali ilikiri vifo 57. Waliozika wanahesabu kwa mamia. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji!

Baraza lijalo, chifu akimaliza hotuba yake ya amani, simama. Usimtukane. Muulize tu: kijana wetu yuko kituo gani, na kwenye OB, daftari la matukio la polisi, ni namba ngapi?

Asipojibu, asiketi mtu.