Rosa Alikosa, na Waliomkosea, Je?



Juma hili tumeirudia riwaya ya Rosa Mistika ya marehemu Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, iliyochapishwa mwaka 1971. Wazee wetu wanakumbuka kwamba hapo mwanzo ilipigwa marufuku shuleni. Hata leo wapo wazazi wanaotuuliza kama inafaa kuwapa binti zao. Jibu letu ni kwamba inafaa, ila akina baba waisome kwanza.

Jina lake tunalijua: katika Litania tunamwita Mama Maria Waridi lenye fumbo. Rosa wa riwaya ni binti wa Namagondo, aliyezaliwa katika nyumba ya umaskini. Baba yake, Zakaria, ni mlevi, naye anampiga vibaya kwa sababu ya barua ya kijana. Rosa anafunzwa kuogopa, lakini hafunzwi kujilinda. Akiwa mwanafunzi wa sekondari, anayemharibia usichana wake ni Deogratias, Bwana Maendeleo, mtu mzima mwenye cheo na fedha. Huko Morogoro, mkuu wa chuo, aliyepaswa kuwa mlezi wake, naye anamtumia. Mwishowe mchumba wake anamkataa kwa kuwa si bikira, na Rosa anajitoa uhai.

Hatusemi kwamba Rosa hana kosa. Tunauliza tu: kati ya hao wote, ni nani aliyelipia? Katika Injili ya Yohane, sura ya 8, walimleta mbele ya Yesu mwanamke aliyefumaniwa. Mwanamume hakuletwa. Bwana wetu alimwambia yule mama asitende dhambi tena, lakini kwanza aliwaondoa wenye mawe mikononi.

Tukiri kwamba nasi tumeokota mawe hayo. Binti wa kwaya akionekana ana mimba, huondolewa upesi, na jina lake huzungumzwa katika kila jumuiya. Aliyempa mimba huendelea kuimba besi. Na kama ni mtu mwenye uwezo, huendelea kukaa kiti cha mbele. Tangu Novemba 2021 Serikali ya Tanzania imewafungulia mlango wa shule wasichana waliokatishwa masomo kwa sababu ya mimba. Itakuwa aibu kubwa iwapo mlango wa shule utakuwa mpana kuliko ule wa Kanisa.

Basi tunawaomba mambo mawili. Baba, zungumza na binti yako juma hili, bila fimbo na bila vitisho, hata ajue kwamba akipatwa na shida nyumbani ndipo pa kukimbilia. Nanyi viongozi wa jumuiya, kabla ya kumwita binti ajieleze, mwiteni kwanza mtu mzima aliyemrubuni, hata kama ndiye mfadhili wetu.

Waridi lenye fumbo, utuombee.