Mzigo wa Figo
Wazee wetu wa njia ya misafara, kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo, walijua kwamba mpagazi mgonjwa hupunguziwa mzigo. Figo dhaifu nazo ni hivyo hivyo. Setirizini, dawa ya mzio inayouzwa madukani, hutolewa mwilini hasa na figo. Zikidhoofu, dawa hukawia, hivyo kipimo hakina budi kupunguzwa na daktari. Diklofenaki ya maumivu ni hatari zaidi: huumiza figo, na kwa baadhi ya wenye pumu hubana pumzi. Lakini ndugu, usiache dawa ya pumu ya kuvuta. Hiyo hufanya kazi mapafuni. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilitufunza kujilinda. Basi kabla ya kununua dawa, tamka: figo zangu ni dhaifu.