Muuguzi Anapofungua Kituo Chake

Wauguzi wenzetu wa hapa Izia wanaokaribia kustaafu hutuuliza: je, tunaweza kufungua kituo chetu cha uzazi? Ndiyo. Sheria ya mwaka 1977 ilikataza huduma binafsi za matibabu zenye kutafuta faida, lakini mwaka 1991 mlango ulifunguliwa tena.

Hata hivyo, bidii pekee haitoshi. Kwanza, leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iwe hai, na kituo kisajiliwe kabla ya kumpokea mgonjwa wa kwanza.

Pili, fedha za kituo zisichanganywe na za unga na ada za watoto. Majirani watakuja kutibiwa kwa mkopo. Amua mapema kiasi utakachoweza kubeba, ukiandike daftarini.

Tatu, na hili ndilo zito, ujue mpaka wako. Kondo la nyuma lisipotoka kwa nusu saa, au damu ikifika nusu lita, anza huduma ya kwanza huku ukimpeleka mama hospitali. Gari litafutwe mchana, kabla uchungu na mvua havijakukuta usiku.

Mama aliyewahishwa hospitali atarudi kukushukuru. Aliyecheleweshwa kwa hofu ya kupoteza malipo huenda asirudi nyumbani kwa watoto wake.