Nani Kasema Ni Muziki wa Wazungu?

Jamani, nimechoka kuambiwa eti muziki wa mashine ni wa Wazungu. Nani kasema? Tekno ilizaliwa Detroit, Marekani, mikononi mwa vijana weusi. Nyimbo zangu ni hizi: "No UFO's", Juan Atkins aliyoitoa 1985 kwa jina la Model 500, na "Strings of Life" ya Derrick May, 1987. Hii ya pili besi haimo kabisa, piano inakimbia tu, na bado miguu haitulii!

Ya tatu ni singeli yetu ya Dar, mkusanyo wa "Sounds of Sisso", 2017. Mnaiita kelele za uswahilini. Mnangoja Ulaya ipige makofi ndipo mseme ni yenu? Mimi singoji. Chenu kisikilizeni wenyewe, mkiandike wenyewe.