Jeraha la Mzazi na Siku Arubaini



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad, wiki hii tumeletewa swali lisilo na jina, lililoandikwa kwenye karatasi ya daftari na kupitishwa kwa ukhti anayesomesha darsa ya wanawake. Muulizaji amejifungua mwana wake wa kwanza. Alichanika, akashonwa. Siku arubaini zimetimia, ameoga josho lake na anaswali, ila mahali pa mshono pangali pakiuma hata kukaa ni taabu. Mumewe amwambia kwamba arubaini imekwisha na hana udhuru tena. Auliza: je, akikataa, ni mwenye dhambi?

Jawabu letu ni kwamba hana dhambi. Twalitanguliza ili asiyepata nafasi ya kusoma yote asilikose hili. Kutwahirika na kupona ni mambo mawili mbalimbali. Nifasi ni damu, na hukumu yake hufuata damu. Ikikatika siku ya kumi, mwanamke ataoga na kuswali, wala hangoji arubaini. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, siku 40 ndiyo kawaida ya walio wengi na ukomo wake ni siku 60. Hesabu hiyo haikuwekwa kupima jeraha. Josho huondoa hadathi, halishoni nyama. Na haki ya mume haimpi ruhusa ya kudhuru, kwani kuondoa madhara ni katika misingi mikubwa ya fiqhi, na wanazuoni wetu wameeleza kwamba mke ambaye kuingiliwa kwamdhuru kwa maradhi ana udhuru wake, wala haitwi mwasi.

Twadhani mume huyu si mtu mbaya. Huenda hajui tu kilichompata mkewe, maana mambo haya wanaume hatuambiwi. Nyama iliyo baina ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa huitwa msamba. Kichwa cha mtoto kipitapo, msamba hutanuka mno, na wengi wa wanaozaa mara ya kwanza huchanika kwa kiasi fulani. Matabibu wameyagawa majeraha hayo katika daraja 4. La kwanza ni la ngozi tu. La pili hufika kwenye misuli. La tatu hugusa misuli inayofunga njia ya haja kubwa. Na la nne hupenya hadi ndani ya njia hiyo. La kwanza huenda lisihitaji hata mshono. La pili huchukua wiki kadhaa kupona. La tatu na la nne hutaka kushonwa na mtaalamu, na kupona kwake huweza kuchukua miezi. Basi vipi siku moja ya kalenda iwe ni amri kwa wote hao?

Matunzo yenyewe si magumu. Mzazi ajioshe kwa maji safi kila atokapo chooni, ajifute kutoka mbele kwenda nyuma, ajikaushe kwa kugusisha kitambaa safi bila ya kusugua, na abadilishe pedi mara kwa mara. Siku za mwanzo, kitu cha baridi kilichofungwa kwa kitambaa na kuwekwa kwa dakika chache hupunguza uvimbe, na parasetamoli hutuliza maumivu. Nyuzi nyingi zitumiwazo siku hizi huyeyuka zenyewe, hazihitaji kuvutwa. Choo kikavu ni adui wa mshono. Kwa hiyo maji mengi, matunda, mboga na uji, na tende pia, alizoamrishwa Bibi Maryamu kula alipokuwa katika hali hiyo. Tena azoeshe misuli ya chini kwa kuibana kama azuiaye mkojo, kisha kuilegeza, mara kadhaa kwa siku, pindi awezapo bila ya maumivu.

Na hapa hatuna budi kuzungumza na mama zetu na nyanya zetu, kwa adabu. Kumkanda mzazi mgongo na viungo ni huruma, na mchuzi wa pilipili manga twaupenda sote. Lakini maji yachemkayo juu ya mshono huunguza, na kumkalisha juu ya moshi wa makaa vilevile. Nchi za Ghuba, walikotoka baadhi ya wazee wetu, kulikuwa na ada ya kumtia mzazi chumvi ndani. Matabibu waliandika jinsi ilivyowaachia wanawake makovu yaliyoziba njia ya uzazi. Dawa yoyote isitiwe kwenye jeraha bila ya kauli ya mkunga wa hospitali.

Homa, harufu mbaya, usaha, mshono kuachia, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au damu inayojaza pedi nzima kwa muda wa saa moja: hayo si ya kungoja asubuhi.

Liko jingine linalofichwa zaidi. Wako wanaotokwa na mkojo, upepo au choo bila ya kujizuia, nao huacha kuswali wakidhani hawana udhu, na huacha kwenda harusini na matangani. Swala haiwaondokei. Mwenye udhuru wa kudumu hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha baada ya kuingia wakati, na huswali hata kikitoka kitu. Hiyo ni rukhsa ya ibada. Isigeuzwe kuwa sababu ya kukaa na maradhi. Misuli isiyoungana hushonwa upya, na fistula hutibiwa kwa upasuaji. Baadhi yao wamenyamaza miaka, na waume zao wameoa wengine.

Wengine huzuiwa na haya ya kukaguliwa. Atafutwe mganga wa kike kwanza. Asipopatikana, dharura huruhusu wa kiume, atazame kadiri ya haja tu, na mume au maharimu awepo. Haya ni katika imani, lakini haijapata kuwa dalili ya kuacha tiba.

Shirika la Afya Duniani lapendekeza mzazi aangaliwe ndani ya saa 24, tena siku ya pili au ya tatu, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, tena wiki ya 6. Hiyo ya wiki ya 6 huangukia karibu na arubaini yenyewe, wakati nyumba imejaa wageni na sufuria ziko jikoni, nayo ndiyo isahaulikayo. Mume na ampeleke mkewe yeye mwenyewe, na amwache aulize kuhusu mshono kabla ya kuuliza kuhusu chanjo ya mtoto.

Wabillahi tawfiq.